Mufereji Niliouziba kwa Burueti Yangu

Juzi nilikuwa nimekaa mutaa wa Kasuku, hapa Kindu, pale ninyi vijana wa pikipiki munapongojea abiria. Mvula ilikuwa imetoka kupita na maji yamejaa njiani, watu wanapita wameshika viatu mikononi. Mumoja wenu akasema, "Wakati wa Zaire huu mji ulikuwa safi. Watu walikuwa na nidhamu. Chama kilikuwa kinasema mara moja tu." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Niliinuka nikaenda nyumbani bila kusema kitu, maana muzee akisema na hasira, munamucheka. Kwa hiyo naandika. Kusoma hakuna kelele.

Ile avenii ya maduka, njia kubwa ya huo mji munaousifu, mimi njo nilikuwa naifagia. Miaka mingi nilikuwa nayo, mpaka watu wakasahau jina langu la Ramazani wakaniita Kapita, yaani musimamizi wa kazi, kama vile nina kikosi nyuma yangu. Sikuwa na kikosi. Nilikuwa na fagio mbili, jembe, na burueti, kile kigari cha kusukuma kwa mikono, yenye gurudumu linalolia kama mutoto mwenye njaa. Na si Chama kilichoniajiri. Waliniajiri wenye butiki, yale maduka madogo ya ile avenii, na mbele yao mwanamuke mumoja muuza vitambaa.

Muelewe kwanza hali ilikuwa namna gani. Serikali ilikuwa imewanyang'anya wageni maduka yao na kuwagawia wakubwa. Siku ile tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono yangu miwili. Kwenye avenii yetu duka kubwa kuliko yote alipewa mukubwa mumoja wa Chama. Jina lake sitaliandika, wajukuu wake mulisoma nao. Aliuza vilivyokuwa ndani, akauza rafu, akauza mpaka milango ya ndani, halafu akafunga. Maduka mengine yakafuata njia hiyohiyo. Katika miezi michache nyasi zilikuwa zimeota barazani, na mbuzi wanalala ndani ya vitrini, mahali palipokuwa pamepangwa saa na sahani.

Walibaki wafanyabiashara wadogo. Kulikuwa na Mama Ngalula, muke wa dereva wa treni, watu wa Kasai; yeye aliuza vitambaa. Kulikuwa na Kasereka aliyetoka upande wa Butembo, akiuza misumari, mabati na simenti. Kulikuwa na Fundi Selemani, mutoto wa Kindu kama mimi, aliyeshona nguo barazani kwa Mama. Na wengine kadhaa wa chumvi, wa sabuni, wa taa. Wateja walikuwa wanakosekana. Watu wa Kampene na Punia walishuka na pesa zao za machimbo, wanatazama tope la avenii yetu, wanageuka kwenda sokoni.

Siku moja Mama Ngalula akawakusanya wote dukani kwake. Niliyajua hayo baadaye kwa Selemani, aliyekuwa anapenda kuiga sauti za watu.

"Muntu akifika na viatu mukononi, hawezi kununua kitambaa," Mama aliwaambia. "Anatafuta maji ya kunawa miguu tu. Tutoe kila mumoja kitu kidogo kila juma. Tuajiri muntu. Tuchimbe mufereji. Baraza ziachwe wazi, mununuzi atembee kwenye kivuli toka butiki ya kwanza mpaka ya mwisho."

Kasereka akakataa. "Mbele ya mulango yangu iko safi. Juu ya nini nilipe uchafu ya jirani?"

"Anayekuja kununua misumari yako anapita mbele ya nani? Anaanguka toka mbinguni?" Mama akamuuliza.

Watu wakacheka, na Kasereka akacheka pia, na komite ikazaliwa hivyo. Haikuwa na muhuri wala kiti cha prezida. Pesa ilipopoteza nguvu, walinilipa kwa sabuni, chumvi na kitambaa, na hakuna juma nililolala njaa.

Siku ya kwanza nilifika na nguvu za muntu aliyetoka kubeba magunia stasyoni ya treni. Nilifagia kama napigana. Vumbi liliinuka, likaingia kwa Mama Ngalula, likakaa juu ya vitambaa vyeupe alivyofungua asubuhi ile. Alitoka, akanitazama, hakunifokea. Akaleta ndoo.

"Nyunyiza kwanza," akasema. "Kwa vidole, kama vile unabariki muntu. Vumbi ikilala, njo unaamusha fagio."

Mujifunze hilo, ninyi munaofagia mbele ya vibanda vyenu mukiwatupia vumbi wanaokula jirani. Unanyunyiza. Unaanza mulangoni unakwenda nje, usielekeze kamwe upande wa jirani. Unamaliza kabla lori ya kwanza haijafika, maana gurudumu likishapita juu ya taka, zinaingia ndani ya udongo na utazikwangua siku nzima.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Waliponiambia nichimbe mufereji, nilianza juu, mwanzo wa avenii, nikishuka. Sikuuliza muntu. Nilikuwa nimefika mbele ya butiki ya Kasereka mvula ikanyesha. Maji yakafurahi sana kupata njia. Yakashuka vizuri, yakafika mahali jembe langu liliposimama, yakatafuta kwa kuendelea, yakaona mulango wa Kasereka. Simenti yake yote iligeuka mawe ndani ya mifuko. Alikaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya nne aliniita tuitoe nje, tukaipanga barazani, na ile mifuko migumu ikawa viti vya wateja. Kasereka alikuwa akiwaambia, "Kaeni, hii njo elimu ya Kapita."

Mufereji unaanzia chini, kwenye mwisho wake, pale maji yatakapotokea. Ukianza juu unamuita mugeni kabla hujamupikia. Nilichimba upya toka mutoni Lualaba nikipanda. Kupima mutelemko nilichukua chupa, nikaitia maji nusu, nikailaza chini. Maji yanakuonyesha ardhi inaelekea wapi. Mason mumoja, fundi wa kujenga, alisaidia kupanga mawe pembeni, Kasereka akatoa simenti, safari hii ikiwa unga. Tulipomaliza, mvula ilikuwa inanyesha muda wa saa mbili nzima, na nusu saa baada ya kukatika wamama wanatembea na viatu vyao miguuni. Tulichora musitari wa makaa barazani, bidhaa zisipite hapo. Mama alikuwa wa kwanza kurudisha meza yake nyuma. Watu wa machimbo wakaanza kupita kwetu kwanza. Fundi Selemani alikuwa na kazi mpaka anakataa nyingine.

Hakuna mukubwa aliyekuja kutuuliza wakati ule tunahitaji nini. Walikuja tulipokuwa nacho.

Yule mukubwa aliyeua lile duka kubwa alirudi alipoona watu wamerudi. Akalifungua kuwa depo ya pombe. Depo ilikuwa upande wa chini wa avenii, na mufereji wetu ulipita nyuma yake kwenda mutoni. Yeye alitaka uwanja mupana wa kuweka makreti na magari. Siku moja akaniita, amevaa abakosti, lile koti la wakubwa wa Chama, sauti ya upole.

"Kapita, leta burueti yako. Jaza huu mufereji. Mason atajenga ukuta juu."

"Sitwayeni, maji itapita wapi?" nikamuuliza, kwa lile neno la "raia" ambalo Chama kilitulazimisha kuitana.

"Utatia pipa moja ndani. Maji haina akili, inapita popote."

Nilijua pipa moja halitoshi. Andikeni hilo mioyoni mwenu: nilijua. Muntu aliyepima ule mufereji kwa chupa, hatua kwa hatua, hawezi kusema hakujua. Lakini yule muntu alikuwa na uwezo wa kunipeleka mahali ambapo muke wangu angetafuta habari zangu miezi. Ningependa kuishia hapo, niwaambie ilikuwa woga tu. Hapana. Alinipa pia kitambaa cha Chama cha kumupa muke wangu na kreti ya bia, akaniambia nitakuwa kapita wa depo. Na nilifurahi. Nilisukuma burueti siku mbili, nikatupa mawe na udongo ndani ya kazi ya mikono yangu, juu ya pipa moja lililokatwa chini na juu maji yapite.

Mama Ngalula alisikia kelele za ujenzi akaniuliza.

"Maji itatokea wapi, Kapita?"

"Kuna mapipa, Mama. Makubwa."

Alinitazama kidogo. Halafu akasema, "Sawa. Wewe njo unajua mufereji." Akarudi kupima kitambaa. Aliniamini kwa sababu nilikuwa fundi wake. Muntu anaposema uongo ndani ya ufundi wake, hakuna wa kumupima.

Mvula kubwa ilikuja majuma matatu baadaye, mchana, watu wamejaa madukani. Maji yalishuka kama yalivyozoea, yakafika nyuma ya depo, yakakuta pipa limejaa majani na chupa. Yakarudi. Mumewahi kuona maji yanarudi? Hayana haraka. Yanapanda polepole, yakiingia mulango baada ya mulango. Kwa Mama yalilowesha vitambaa vya chini. Watu walikuwa wanapandisha bidhaa juu ya meza, wengine wanacheka bado. Fundi Selemani alikuwa barazani anajaribu kuinua mashini yake ya kushona isiguswe na maji. Ukuta wa baraza ulikuwa wa matofali mabichi. Ulikunywa maji chini, ukamwangukia.

Tulimutoa mimi na Kasereka. Mufupa wa muguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Hakulia. Aliuliza mashini iko wapi. Tukamulaza kwenye burueti yangu, nikamusukuma mpaka hospitali kwa gurudumu lile linalolia, maji yakinifika magotini, na njia nzima alikuwa ananiambia, "Polepole, Kapita. Asante, Kapita." Sijawahi kupigwa na neno kama ile asante.

Muguu ulipona umepinda na hauna nguvu. Mashini yake ilikuwa ya kukanyaga.

Nilikwenda kwa Mama Ngalula kesho yake, nikamuambia yote: pipa moja, kitambaa, kreti. Alikuwa anatundika vitambaa vilivyolowa kwenye kamba. Hakusimama. Alitundika mpaka akamaliza, halafu akasema, "Utasema mbele ya watu."

"Wataniua, Mama."

"Inawezekana. Utasema."

Sasa mutasikia salongo yenu, ile kazi ya lazima ya Jumamosi munayoisifu. Kwa kawaida ilikuwa hivi: watu wanafukuzwa majumbani, wanakata nyasi mbele ya ofisi za wakubwa, wachezaji ngoma wa Chama wanaimba, na saa nne kila muntu anakwenda kwake. Mufereji wetu haukuguswa na salongo hata mara moja. Lakini Jumamosi ile kulikuwa na mugeni, mukubwa aliyetumwa toka juu, na mwenye depo alikuwa amepanda juu ya meza anamupendeza kwa hotuba. Alisema usafi njo mapinduzi. Alisema kila mufereji ufunguliwe, na hakuna kizuizi kitakachobaki, kiwe cha nani.

"Tumesikia, sitwayeni," Mama Ngalula akasema kwa sauti. Akainua jembe lake begani. "Mufereji unaanzia chini. Tuanze chini."

Akatembea kwenda nyuma ya depo. Wenye butiki wote wakamufuata, Kasereka na nondo mukononi, wamama wa chumvi, watu wa taa. Mugeni akadhani njo programu, akafuata. Wachezaji wakafuata wakiimba. Mwenye depo alishuka mezani, lakini hakuweza kukimbia mbele ya mukubwa wake.

Kasereka alipiga ukuta mara ya kwanza, tofali likatoka. Mugeni akainua mukono.

"Hiki kizuizi nani alikiweka?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikatoka mbele ya watu.

"Mimi, sitwayeni," nikasema. "Kwa burueti yangu."

"Kwa amri ya nani?"

Nilimwona mwenye depo, amesimama nyuma ya bega la mugeni, ananitazama tu. Na mimi nikatazama miguu yangu. Watu mia waliningojea, na sikusema jina.

"Kwa amri ya mwenye hii depo," Mama Ngalula akasema. "Anasimama nyuma yako."

Mugeni hakuwa mupumbavu. Alitazama, akapima, akacheka. "Vizuri sana," akasema. "Basi mwenye depo mwenyewe atatupa mufano." Akachukua jembe la Mama mukononi mwake, akamupa yule muntu. Naye akapiga ukuta mara moja, pigo la muntu anayeogopa kuchafua viatu. Wachezaji wakapiga vigelegele. Mugeni akamupongeza. Sisi wengine tukavunja kilichobaki mpaka mchana, na maji mabaya ya majuma yakashuka Lualaba.

Munadhani tulishinda. Jumatatu watu wa Chama wakasoma kwenye mukutano kwamba mufereji umefunguliwa kwa juhudi ya sitwayeni fulani, na ubao wenye jina lake ukawekwa pale. Ninyi bado munauita kwa jina lake. Munasema, "Nishushe kwenye mufereji wa fulani." Mimi nasikia, naendelea na njia yangu.

Jumanne wakamuchukua Mama Ngalula. Alikaa ndani siku nne. Walimuambia hakuna komite nje ya Chama. Alipotoka, mume wake alikuwa amepata karatasi ya kuhamishwa upande wa Katanga, waondoke mara moja. Nilibeba vitambaa vyake stasyoni. Kabla ya kupanda aliniambia, bila hasira, na njo maana sijapona:

"Kapita, ulisema nusu. Nusu inasaidia mwenye nguvu."

Treni ikaondoka, nikarudi na burueti tupu.

Komite mupya ilikuwa ya Chama. Michango ikawa ya lazima, ikachukuliwa na watu wenye beji, na hakuna aliyeona fagio jipya. Bidhaa zikavuka musitari wa makaa. Wa kwanza kuvuka walikuwa wenye beji. Muguu wa mununuzi ukarudi kwenye tope. Waliobaki wakawa wananipa kipande cha sabuni kwa kificho nipitishe fagio kabla watu hawajaamuka, kama vile usafi ni magendo. Hiyo njo ilikuwa nidhamu.

Kasereka alipakia misumari yake, akarudi kwao. Alitaka kuniachia viti vya simenti. Nilivikataa.

Nilikuwa sijamuambia Selemani. Alikuwa amejua kama wote kwamba mimi njo niliyejaza, lakini sikuwa nimemuambia kwa mudomo wangu kwamba nilijua pipa halitoshi. Nilikwenda kwake alasiri moja. Alikuwa amekaa nyuma ya mashini, suruali ya muteja imekaa juu, sindano imesimama. Alikuwa anajaribu kukanyaga kwa muguu wa kushoto, na mashini inakwenda hatua mbili, inakwama.

Nikamuambia yote. Nilisimama, sikukaa.

Alitoa muguu wa kushoto kwenye mashini. Halafu akasema, "Nilikuona, Ramazani."

Ilikuwa miaka mingi hajaniita jina langu.

"Siku zile mbili nilienda kwa mwenye depo kupima wachezaji wa Chama. Alinipa kazi ya nguo zao zote. Nilikuona unajaza. Niliona lile pipa, na mimi pia nina macho. Nikajiuliza: nimuambie Mama? Nikajibu: nikimuambia, nguo zinakwenda kwa fundi mwingine." Akapapasa muguu wake. "Nilishona zile nguo. Zilikuwa nzuri. Walizivaa siku ya ukuta."

Sijui ninyi mungefanya nini. Mimi nilitaka kupiga kitu, na hakukuwa na kitu cha kupiga, maana yule muntu alikuwa depo, na sisi wawili tulikuwa pale, na kila mumoja alikuwa amemupa mufuko mumoja wa udongo wa kuziba mufereji.

"Hii suruali ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mwalimu. Anaihitaji kesho."

Nilivuta kiti upande wa gurudumu la mashini, nikalishika kwa mukono, nikaanza kulizungusha. Mara ya kwanza nilizungusha haraka, uzi ukakatika. Akatia uzi mwingine, akaniambia nizungushe kama muntu anayechota maji kisimani, bila pupa. Yeye akaongoza kitambaa. Tukamaliza muguu mumoja wa suruali, tukageuza, tukashona wa pili.